Kiti cha Mtu wa Chini ya Mto

Msomaji kijana, elimu ya ugomvi ni ya namna mbili. Ya kwanza humfundisha mtu kumshinda mwenzake. Ya pili humfundisha kuishi na mwenzake baada ya ugomvi. Shule zetu zimeitukuza ya kwanza na kuisahau ya pili. Midahalo tunayo, vikombe vya midahalo tunavyo, na makofi ya washindi husikika kila muhula. Lakini mdahalo huisha kengele inapolia, na washindani hurudi makwao pasipo kudaiana kitu. Mto hauna kengele. Watu wanaogombea maji ya mto mmoja leo, kesho wataamka kando ya mto ule ule, na wajukuu wao wataamka hapo hapo. Kwa sababu hiyo nathubutu kusema kwamba kijana aliyefundishwa kushinda tu hajafundishwa neno lolote juu ya maji.

Nakusudia katika insha hii kutetea jambo ambalo wenzangu wengi katika kazi ya ualimu huliona kuwa ni upuuzi: kwamba ugomvi wa mataifa juu ya maji ufundishwe darasani kwa mchezo, kila mwanafunzi akipewa kiti cha nchi fulani, pamoja na haja za nchi hiyo na hofu zake. Tena nitasema jambo la pili, ambalo hata wapenzi wa mchezo huo yamkini hawatalifurahia: mchezo wenyewe ni bure, na pengine ni hatari, ikiwa mchezaji haondoki katika kiti chake cha kwanza akaenda kukaa katika kiti cha mpinzani wake.

Tuanze na ugomvi wenyewe, maana mchezo usio na ukweli ndani yake ni kelele tu. Bonde la Mto Nile lina nchi 11, na Kenya ni moja yao, kwa kuwa mito ya Nzoia, Yala, Nyando, Sondu na mingine huingia katika Ziwa Viktoria, na ziwa hilo humwaga maji yake katika Nile pale Jinja. Mwaka 1929 Uingereza na Misri zilibadilishana barua. Kwa barua hizo ilikubaliwa kwamba pasifanywe kazi yoyote ya kupunguza maji ya Misri katika mito na maziwa ya nchi zilizotawaliwa na Uingereza, isipokuwa kwa ridhaa ya Misri yenyewe. Mkenya hakuulizwa. Mwaka 1959 Misri na Sudan zilipatana tena. Maji ya mto kwa mwaka yalihesabiwa kuwa mita za ujazo bilioni 84. Misri ikachukua bilioni 55.5, Sudan bilioni 18.5, na bilioni 10 zilizobaki zikawekwa katika hesabu ya maji yatakayogeuka mvuke kwa jua la Aswan. Ethiopia, ambayo milima yake ndiyo itoayo sehemu kubwa kabisa ya maji hayo, haikuitwa.

Dhuluma ya kutoitwa haikunyamaziwa. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika ilitangaza kwamba haifungwi na barua za mwaka 1929. Mwezi Mei mwaka 2010 nchi za juu ya mto zilianza kutia sahihi huko Entebbe mkataba mpya wa ushirikiano, na Kenya ilitia sahihi mwezi ule ule. Misri na Sudan zilikataa. Mwaka 2011 Ethiopia ilianza kujenga bwawa kubwa juu ya Nile ya Buluu, ikalifungua rasmi mwezi Septemba mwaka 2025. Ule mkataba ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, baada ya kuridhiwa na nchi sita. Kenya, ijapokuwa ilitia sahihi mapema, haikuwa miongoni mwa hizo sita. Ndivyo ugomvi ulivyo, na vijana wanaosoma kurasa hizi leo ndio watakaourithi.

Nafundisha katika shule ya kutwa upande wa magharibi wa Nairobi, mahali ambapo mabati ya Kawangware na bustani za Lavington vimetengwa kwa mwendo mfupi tu wa miguu. Mwaka wangu wa kwanza wa kulifundisha somo hili nilisimama ubaoni nikaandika tarehe zote ulizozisoma hapo juu, kama nilivyozoezwa katika chuo cha ualimu. Kisha niliwaamuru wanafunzi waandike insha. Wengi wao waliandika, kwa maneno mbalimbali, kwamba Misri ni mwizi na Ethiopia ni shujaa. Niliwapa alama nzuri, kwa kuwa tarehe zilikuwa sahihi na lugha ilikuwa safi. Leo nakiri kwamba nilikosa. Sikuwa nimefundisha ugomvi. Nilikuwa nimeongeza idadi ya wagomvi.

Mwaka uliofuata nilikwenda darasani na mfuko wa maharagwe. Nilihesabu punje 84 mezani, kila punje ikiwa ni mita za ujazo bilioni moja. Punje 10 niliziweka dirishani penye jua, ziwe za mvuke. Kiti cha Misri kilipewa punje 55 na nusu, kiti cha Sudan 18 na nusu. Na kwa kuwa haragwe hupasuka lenyewe katika pande mbili zilizo sawa, punje moja iligawanywa kwa haki mbele ya macho ya wote. Viti vya Ethiopia, Uganda, Kenya, Tanzania na nchi nyingine vilipewa meza tupu. Hapo darasa lililozoea kusinzia liliamka. Kijana mmoja wa kiti cha Ethiopia alisimama akauliza, "Mwalimu, maji yanatoka kwangu, mbona sina hata punje moja?" Mwaka uliotangulia nilikuwa nimelisema jambo hilo kwa kinywa changu, na hapana aliyeinua kichwa.

Msichana mmoja aliyeangukiwa na kiti cha Misri alikataa kukaa. "Mwalimu, mimi ni Mkenya," alisema. "Kwa nini niwatetee hawa?" Nilimpa kadi yake aisome kwa siri. Kadi ilisema: mvua kwako ni haba mno, karibu maji yako yote hutoka katika mto huu mmoja, watu wako ni zaidi ya milioni 100, mto wa pili huna. Aliisoma mara mbili, kisha akakaa. Kabla ya kipindi kwisha alikuwa akiilinda ile nusu punje kwa kiganja chake.

Kisha nilitangaza mwaka wa ukame, nikaondoa punje 20. Makelele yalipotulia, msichana yule alimgeukia kijana wa Ethiopia. Hakumwuliza atampa punje ngapi. Alimwuliza, "Bwawa lako utalijaza kwa miaka mingapi? Na ukitaka kufunga malango yake, utaniambia mapema?" Msomaji, wajumbe wa Misri, Sudan na Ethiopia walizunguka miaka mingi juu ya maswali kama hayo. Bwawa la umeme halinywi maji kama shamba linywavyo. Maji hupita katika mitambo yakaendelea na safari yake. Shida kubwa ilikuwa katika miaka ya kulijaza, na imebaki katika miaka ya ukame na katika habari zinazotolewa au kufichwa. Tarehe zangu za ubaoni hazikumfikisha mwanafunzi hata mmoja kwenye shida hiyo. Nusu ya haragwe ilimfikisha.

Siku ya pili niliwabadilisha viti. Kijana aliyesema jana kwamba maji ni yake kwa kuwa yanatoka kwake, leo alikaa chini ya mto, akasikia maneno yale yale yakisemwa kwake na mwingine. Alikasirika kweli. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndipo nilipowaeleza jinsi mazungumzo ya Entebbe yalivyokwama juu ya sentensi moja ya kifungu cha 14. Nchi nyingi zilitaka iandikwe kwamba nchi isiathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine. Misri ilitaka yaongezwe matumizi na haki zilizopo sasa. Mtu aliyekaa kiti kimoja tu huona neno "zilizopo" kuwa ni neno dogo. Aliyekaa viti vyote viwili hujua kwamba ndani ya neno hilo kuna mwaka 1929, na mwaka 1959, na mkate wa watu milioni mia.

Siku ya tatu ndiyo iliyonisukuma kuandika insha hii. Niliyaacha maharagwe mezani, lakini nilibadilisha majina ya viti. Kiti cha juu ya mto nilikiita Murang'a. Kiti cha chini nilikiita Nairobi.

Maji ya Nairobi hayatoki Nairobi. Jina la jiji lilitokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi, lakini baridi hiyo haiwatoshi wakazi wake. Chemchemi za Kikuyu ziliunywesha mji ulipokuwa mchanga. Ulipokua, mabomba yalikwenda kuitafuta mito ya mbali. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 katika Murang'a, lina nafasi ya mita za ujazo milioni 70, na ndilo tegemeo kubwa la jiji. Baadaye ulichimbwa chini ya ardhi mfereji wa karibu kilomita 12 kuyachukua maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati. Wahandisi walisema kwamba yatakayochukuliwa ni maji ya mafuriko tu. Watu wa Murang'a waliogopa kwamba mito yao itakauka, na viongozi wao wamedai sehemu ya mapato ya maji yanayouzwa jijini.

Darasa langu lilikalia kiti cha Nairobi kwa furaha, kwa kuwa ni kwao. Na walisema nini? "Sisi ni wengi." "Mto mwingine hatuna." "Maji haya tumeyatumia siku zote." Hapana aliyewafundisha maneno hayo. Yule msichana aliyekuwa Misri ndiye aliyecheka kwanza. Kisha kicheko kilikatika, na darasa lote likanyamaza. Walikuwa wameijua sauti iliyosemwa. Insha za mwaka uliopita zilimwita mtu asemaye hivyo mwizi.

Sikuishia hapo. Punje za Nairobi niliziweka kati ya viti viwili vipya, Lavington na Kawangware. Wanafunzi wa kiti cha Kawangware hawakuhitaji kadi. Walijua bei ya mtungi wa lita 20 inavyopanda siku za mgao. Walijua sauti ya mkokoteni wa maji alfajiri. Walijua kwamba anunuaye kwa mtungi hulipa zaidi kwa kila lita kuliko mwenye bomba nyumbani mwake. Kumbe walikuwa watu wa chini ya mto tangu kuzaliwa, walakini hawakuwahi kuulizwa juu yake katika mtihani wowote.

Tena wao hao ni watu wa juu ya mto. Mto Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, ukapita Dagoretti na Kawangware, ukateremka Chiromo, ukaingia katikati ya jiji kando ya Grogan na Gikomba, ukaenda Dandora, na mwisho maji yake hujiunga na Mto Athi, ambao huitwa Galana na Sabaki kabla ya kuingia baharini karibu na Malindi. Niliwachukua wanafunzi wangu wakasimame juu ya daraja katikati ya jiji watazame maji yanayopita chini yake. Sina haja ya kuyaeleza. Pua ya kila mkazi wa Nairobi inayajua. Nilisema jambo moja tu: "Haya ndiyo tunayompelekea mtu wa chini yetu. Yeye naye ana mwalimu, na mwalimu huyo huwafundisha wanafunzi wake habari zetu."

Sasa nawageukia wapinzani wangu.

Wa kwanza husema kwamba mchezo ni kupoteza wakati, na mtihani hautaki maharagwe. Nawajibu kwamba mtaala wa umilisi, ulioanza kuingia shuleni mwaka 2017, umeutaja ushirikiano na mawasiliano kuwa ni umilisi wa msingi. Twaweza kuyaandika maneno hayo katika vitabu mpaka wino ukauke; mtoto hatajifunza kushirikiana kwa kunakili neno ushirikiano, kama vile hajifunzi kuogelea kwa kunakili neno bahari.

Wa pili husema kwamba mchezo ni wa watoto, na maji ni jambo la watu wazima. Hao na waende Usangu, katika Tanzania, kwenye mito inayoulisha Mto Ruaha Mkuu. Tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, na lawama zikawa nyingi. Bruce Lankford, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha East Anglia, pamoja na wenzake walitengeneza ubao mrefu wenye mteremko, wakachora juu yake mto na mifereji ya mashamba, na gololi za kioo zikawa maji. Mchezaji huweka kijiti kuukinga mto, na gololi huingia shambani kwake. Zikimshinda huteremka kwa jirani. Waliocheza ni wakulima, watu wazima wenye majembe na watoto wa kulisha. Kwanza kila mtu alijivutia gololi zake. Kisha walikaa wakazungumza jinsi ya kuzigawa. Mkulima hakuona aibu kushika gololi. Kwa nini mwalimu aone aibu kushika haragwe?

Wa tatu ndio wanaoniudhi zaidi, kwa kuwa hujiita rafiki wa mchezo. Hao huwavisha vijana tai, huwapa bendera za mezani, huwaketisha katika ukumbi mzuri, na jioni humpa zawadi msemaji hodari kuliko wote. Vijana wa shule zenye fedha huhudhuria. Wa Kangemi na Kawangware husikia habari tu. Sikatai kwamba vijana hujifunza huko adabu ya mkutano na ujasiri wa kusema. Lakini zawadi ya msemaji hodari huurudisha mdahalo kwa mlango wa nyuma. Ikiwa kila mjumbe anawania kikombe, nani atakayekuwa na faida katika mapatano? Mchezo wa maji unaostahili jina lake hauna mshindi mmoja. Mwishoni mwalimu hauliza nani amesema vizuri. Huuliza kama yupo aliyeachwa na kiu, na kama yeye mwenyewe angeyakubali mapatano hayo siku atakayokaa kiti kingine.

Wa nne wana hoja nzito, nami nawaheshimu. Husema kwamba mchezo huidanganya akili, kwa sababu darasani viti vyote viko sawa, hali duniani mwenye jeshi, fedha na barua za zamani hakai sawa na asiye navyo. Ni kweli. Dawa yake si kuuacha mchezo, bali kuuingiza udhalimu ndani ya mchezo. Ndiyo maana meza yangu huanza na punje 55 na nusu upande mmoja, na mbao tupu upande mwingine. Mtoto aonje uonevu katika meza tupu, aonje pia hofu ya mwenye punje nyingi asiye na mto wa pili. Kumwelewa mpinzani si kusema kwamba ana haki. Mkenya aliyekaa kiti cha Misri aweza kusimama akasema bado kwamba barua za mwaka 1929 ziliandikwa pasipo sisi wala hazitufungi. Lakini atalisema neno hilo kwa namna ambayo Mmisri aweza kulisikia, akakaa, akajibu. Na neno lisilosikiwa halijapata kumnywesha mtu yeyote.

Basi nakuachia kazi, msomaji kijana, wala usimngoje mwalimu. Chukua maharagwe 84 jikoni kwa mama, naye atarudishiwa yote. Waite wenzako wasipungue sita. Andikeni kadi za nchi kwa kweli, si kwa matusi. Gawanyeni kama ilivyogawanywa mwaka 1959, kisha leteni ukame. Mkiisha kupatana, badilishaneni viti, mwanze tena. Siku ya tatu futeni majina ya mataifa, mwandike majina ya mitaa yenu wenyewe.

Ukifanya hivyo hutaumaliza ugomvi wa Nile. Sikuahidi hayo, na mwalimu aahidiye hayo ni mwongo. Lakini siku moja wewe au jirani yako wa dawati mtaketi katika chumba fulani, Entebbe, au Murang'a, au katika ofisi moja ya jiji hili, na mbele yenu patakuwa na karatasi ya kutia sahihi. Mwaka 1929 kalamu ilishikwa na watu ambao hawakuwahi kukaa kiti chetu. Siku kalamu hiyo itakapokuwa mkononi mwako, mtu wa chini ya mto atakuwa mbali, wala hutamwona uso. Mkumbuke kwa sababu uliwahi kuwa yeye.